Makaku Alijua Chini ya Kofia Yangu

Kama munaniona navua kofia mbele ya kuingia mu parcelle, mu kiwanja cha nyumba ya watu, musifikiri ni adabu, ni haya, na ile haya njo nataka kuwaelezea leo, juu bale benye kuieleza mu quartier, mu mutaa yetu, beko naongeza chumvi (kuko wenye banasema makaku, yaani kima, alinivua hata suruali, ile ni bongo, ilikuwa kofia tu), basi afazali musikie mu kinywa yangu mwenyewe, mimi Ramazani, fundi wa viatu wa Hewa Bora, mwenye kuacha masomo mu mwaka wa tatu, na hata ule wa tatu sikuumaliza.

Mujukuu yangu Zaina, mutoto wa binti yangu wa kwanza, anasoma ku université. Siku alikuja kunieleza anasoma nini, nilikuwa napiga soli ya kiatu, misumari iko mu kinywa, naye akasema, "Kambo," njo vile tunaita babu, "miye nasoma bongo." Nilicheka mpaka karibu nimeze musumari moja, juu kwetu hapa Lubumbashi bongo ni ile yenye kuwa ndani ya kichwa, na bongo ni uongo vile vile, neno ni moja. Na Ilunga, muzee mwenzangu, mwenye zamani alikuwa nachimba mawe kule Kambove, na sasa anashinda ku banc yangu, benchi ya kazi, kila siku hata kama hana kiatu cha kutengeneza, akamwambia, "Mama, kama ni bongo unatafuta, usiende mbali. Profesa wake njo huyu."

Zaina hakukasirika. Alinigusa hapa, ku paji ya uso, juu ya macho, akasema nyuma ya huu mufupa kuko kipande ya bongo yenye kutusaidia kushika mu kichwa kitu tunatafuta hata kama hatukioni tena, kujifunza njia ya kukipata, na njia ikibadilika, kukataza mukono usiende tena kule ulizoea. Akasema hata makaku iko nayo, kadogo kuliko yetu, lakini iko nayo. Nikamuuliza, "Sasa mimi na makaku tuko sawasawa?" Akasema, "Kambo, tutaona."

Makaku yenyewe ilikuwa inaitwa Shefu. Ilikuwa yatima, mukia murefu, uso mweusi, inachungwa mu fasi moja kupita Luano, kule ndege zinapita karibu kugusa mabati. Zaina alikuwa nayo mwaka muzima kwa ajili ya kazi yake ya mwisho, ile banaita mémoire. Aliweka mikebe mbili ku meza, mwekundu na wa bluu, anaficha kalanga chini ya moja, anafunika na kitambaa, anahesabu mpaka makumi mbili, anafunua, na Shefu anapaswa kukumbuka ni wapi. Akiisha kuzoea mwekundu, Zaina anapiga kengele, kalanga zinahamia ku bluu, na Shefu anapaswa kuacha mazoea yake na kuhama nazo.

Kazi ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini (hapa nasema ukweli wote, sina tena cha kuficha) mimi niliona wivu. Zamani, Zaina alikuwa nakuja ku banc yangu kila saa kumi, analeta chai, mimi namuita muke wangu, naye ananiita bwana yangu, vile kambo na mujukuu wanachekanaka kwetu, na watu wanafurahi. Tangu Shefu aingie, chai ilibaki kwa wengine. Akipita ni mbio, na kinywani ni Shefu tu, Shefu alifanya hivi, Shefu leo amekumbuka.

Aliniambia, "Kambo, siku jury, baprofesa benye kunipima, inakuja, utaketi, utaangalia. Lakini mbele ya ile siku, Shefu asipate kalanga fasi ingine zaidi ya chini ya mikebe. Akijifunza fasi ingine, mwaka wangu umekufa, nitarudilia. Unaahidi?"

Nikasema, "Muke wangu, naahidi."

Basi, juma moja mbele ya ile siku, nilipanda kinga yangu, baisikeli, kupeleka viatu kwa muntu moja wa upande wa Luano. Nikafika, nikalipwa, nikageuza kinga. Ningerudi nyumbani ile saa, leo ningekuwa muzee wa heshima. Lakini nikajiambia, nitapita tu nimuone uso huyu mwenye kuninyang'anya muke. Nikamwambia mama mulinzi wa ile fasi miye ni kambo ya Zaina, akafungua. Shefu alikuwa ameketi, ananiangalia kama muntu mwenye kungoja kiatu chake tangu asubuhi. Na mimi nilikuwa na kalanga mu kofia (mifuko ya suruali yangu yote imetoboka, fundi wa viatu hashonake yake mwenyewe, kwa hiyo kalanga zangu zinakaaka mu karatasi, chini ya kofia). Nikavua kofia, nikatoa moja, nikamupa, nikavaa tena. Akanishika kidole na mukono wake mudogo wenye baridi. Kesho yake nikarudi. Kesho kutwa, tena.

Siku ya jury ikafika. Viti vilipangwa chini ya mabati, mbele kabisa kuko profesa, mama mufupi wa miwani, na wenzake wawili, nyuma wanafunzi, nyuma kabisa mimi na Ilunga. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na kofia yangu ya mashona. Na ile asubuhi, naapa sikufikiri, mukono wangu wenyewe ulichukua karatasi ya kalanga na kuiweka mule inakaaka siku zote.

Zaina akasimama mbele ya meza. Akaficha kalanga chini ya mwekundu, akafunika, akaanza kuhesabu, na ndege ikapita juu yetu, makelele mpaka viti vinatikisika, nikasema moyoni yote imepotea, makaku imesahau. Kitambaa kikafunuliwa. Shefu akaenda mwekundu moja kwa moja, bila kuangalia kushoto wala kuume. Mara ya pili, mwekundu. Mara ya tatu, mwekundu. Profesa anaandika, anatikisa kichwa vizuri, na mimi furaha ikanipanda, nikashindwa kuketi, nikasimama napiga makofi, namwambia Ilunga "ule ni muke wangu ule," na kofia ikataka kuanguka, nikaishika.

Ile kushika kofia tu ilitosha. Shefu alikuwa anaangalia upande wangu.

Akaacha mikebe. Akaruka meza, kamba inamufuata nyuma, akapita ku magoti ya profesa, ku bega ya mwanafunzi, akafika kwangu akapanda kama muntu anapanda ngazi ya nyumba yake. Akaketi ku bega. Akainua kofia yangu polepole, kwa heshima, akatoa kalanga moja, akairudisha kofia ku kichwa. Imepinda, lakini aliirudisha, juu njo vile nilimufundisha.

Zaina akasema, "Kambo, unamujua Shefu?"

"Simujui."

Shefu akainua kofia, akatoa kalanga ya pili, akairudisha.

"Kambo."

"Pengine nilimuona mara moja. Mbali."

Kofia ikapanda tena. Sasa wanafunzi wameanza kufunika vinywa, na Ilunga akasema kwa sauti ya kanisa, "Ramazani, sema tu. Shahidi ameketi ku bega yako."

Nikasema. Mara tatu, nikasema, juma iliyopita, nilimulisha mu kofia mara tatu. Na wakati nasema sikuangalia watu, niliangalia peni ya profesa, juu aliiweka chini, na uso wa Zaina, wenye haukuwa na hasira hata kidogo, na ile njo iliniuma zaidi. Mwaka muzima wa mutoto wa watu, na mimi nimeukula kama kalanga.

Profesa akasema, "Mademoiselle, nyama yako, huyu makaku, imefundishwa kitu chenye hakimo mu kazi yako."

Niliona paji ya Zaina inakunjika, ile fasi alinigusaka, halafu ikakunjuka, na akasema, "Ndiyo, Madame. Lakini hakuna mwenye alimupima juu ya hicho kitu, na siku zimepita, bado hajakisahau. Naomba tuendelee. Kofia itakuwa mukebe wa tatu. Ninataka kuona kama atajua kuiacha."

Profesa akachukua peni.

Basi wakaniweka mbele ya watu wote, ku kiti, kofia imekungutwa mpaka haina hata ganda, na Zaina akaniambia, si kama muke wangu, kama askari, "Usiguse kichwa. Hata akifanya nini, usiguse." Akapiga kengele, akahamisha kalanga ku bluu.

Shefu akaja. Akainua kofia. Hakuna. Akaangalia ndani, akaniangalia mimi, akanivalisha. Akarudi tena, akainua, hakuna. Mara ya tatu aliipiga-piga kama muntu anapima mufuko wa unga. Na kila mara anapokuja, mikono yangu yote miwili inaruka juu kushika kofia, na Zaina anasema "Kambo," naishusha, na watu wanakufa na kicheko. Mara ya ine, hakuna. Mara ya tano akafika nusu ya njia. Akasimama. Akajikuna. Naapa nilimuona anafikiri. Halafu akageuka, akarudi ku meza, akagusa mwekundu, akauacha, akafunua wa bluu.

Wanafunzi walisimama juu ya viti. Hata Ilunga, na goti yake mbovu, alisimama. Ni mimi tu nilikuwa nimeketi, mikono iko ku kichwa, naikamata kofia yenye hakuna muntu aliitaka tena. Profesa alishusha miwani, akasema, "Muzee, yeye amekwisha kuelewa. Weye ungali?"

Zaina alipata points nzuri kuliko zile alikuwa anangojea. Lakini kurudi, wakati nasukuma kinga na yeye anatembea pembeni, tulipita uwanja wa ndege, akauliza, "Kwa nini, Kambo?"

Nikasema, "Nilitaka kuona nani ananinyang'anya muke."

Alicheka, halafu hakucheka tena, akanikamata mukono mpaka nyumbani.

Mu mémoire yake kuko ukurasa moja juu yetu, alinisomea ku banc, Ilunga anasikia na furaha yote: makaku iliacha kofia kiisha mara ine, muzee hakuacha. Ni kweli, hata leo nikipita chini ya muti mukono unapanda wenyewe. Na kalanga zangu sasa ziko mu mufuko, nilishona.

Zaina amerudi kuleta chai saa kumi. Siku zingine, mbele ya kumimina, ananitazama ku kofia, anauliza, "Bwana yangu, chini kuko nini?" Sijibu kwa kinywa, kinywa yangu inajulikana. Navua, nainama, namuonyesha. Kichwa tu.