Pua Kiziwi

Harufu husikika kwa pua, na pua ya Fundi Rangi ilikuwa kiziwi. Miaka aliyopuliza rangi magari ya watu ndani ya gereji isiyo na dirisha ilimwachia madoa vidoleni yasiyotoka, na pua kubwa ya kupendeza isiyofanya kazi. Alipostaafu akaingia kwenye kilimo cha mahindi kwa pupa ya mtu aliyefungiwa ndani maisha yake yote, wala hakuna siku aliyojuta.

Isipokuwa moja. Mwaka uliopita alimwaga shambani samadi mbichi ya ng'ombe akidhani imeiva. Mwenye pua yake angejua tu, maana ilikuwa ikiwasha macho mtaa mzima. Mahindi yakaungua yangali machanga, majirani wakafunga madirisha. Mkewe, fundi cherehani, mwenye wateja wa kuja kupimwa nguo barazani, hakujua auweke wapi uso wake. Tangu hapo likawa "shamba lako", "mahindi yako", "mavi yako", na akaapa kwamba hatalisogelea tena lundo lolote la samadi.

Mwaka huu mzee alifanya kazi kwa adabu. Alichanganya samadi na mabua makavu, akainyunyizia maji, akaifunika turubai, akaipindua kila ilipopata moto. Sasa alichomeka nondo katikati ya lundo, akaichomoa, akaishika. Baridi. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu lundo hupoa likiiva, lakini hupoa pia likikauka kabla ya kuiva, na cha kutofautisha ni harufu: lililoiva hunukia udongo, lisiloiva bado hunuka mavi. Mawingu yalishaanza kujikusanya. Akikosea tena, mahindi hana, na wa kumsikiliza akilalamika hana vilevile.

"Mama watoto, nusa kidogo tu," alibembeleza.

"Mavi yako, nusa mwenyewe."

Mzee akachota konzi ya samadi, akaijaza kwenye kopo la maua lililokuwa tupu, akaliweka dirishani karibu na cherehani. Kisha akaketi mlangoni akijifanya ananoa jembe.

Cherehani ikalia, ikalia, halafu ikatulia.

"Mvua imenyesha wapi?" mkewe aliuliza, kainua kichwa. "Nasikia udongo uliolowa."

Jembe lilimponyoka mzee. Alicheka mpaka akashindwa kujieleza, na kicheko hicho ndicho kilichomsaliti. Mkewe akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akaliona kopo.

"Yaani umeniletea mavi kwenye gauni la bibi harusi!"

Alimrushia futi ya kupimia, mzee akakwepa. Lakini badala ya kulitupa kopo nje, mkewe alilisogeza puani, akavuta pumzi tena, taratibu. Akainuka akaenda zake nyuma ya nyumba, mzee akimfuata. Akafunua turubai, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, upande huu, upande ule, akinusa kila konzi. Mzee alisimama na pua yake kubwa isiyo na habari, akimtazama usoni, maana habari zote zilikuwa pale. Alimpenda sana wakati ule.

"Inasemaje?" akauliza.

Mkewe alikung'uta mikono.

"Inasema tupande."