Onesphore wa Albert Park na Matanga Yasiyo na Maiti

Alizaliwa Jumatatu ya Pasaka mwaka 1964, mtaa wa Nyakabiga, Bujumbura, na nani atatuambia ilikuwa bahati tu! Wazazi wake walimwita Onesphore Ntakirutimana, yaani hakuna kinachompita Mungu. Alikuwa mtoto mbishi: akiambiwa moto unaunguza, aliuliza kwa nini. Ubishi huo ulimfikisha chuoni kusoma falsafa, na huko akakutana na wanafikra wa Ulaya wa karne ya kumi na nane, watu wa Zama za Mwangaza, waliopima kila imani kwa mizani ya akili. Walisema maumbile hayavunji sheria zake, na kwamba ushahidi wa wachache waliomwona mfu akitembea haushindi ushahidi wa makaburi yote yaliyotulia. Tena waliuliza: mwili ukioza ukawa udongo, udongo ukaotesha mchicha, jirani akaula, siku ya mwisho mwili huo utakuwa wa nani? Kijana wetu alipiga meza kwa furaha.

Vita vilimleta Durban mwaka 1999. Alifungua kibanda cha kutengeneza simu Greyville, na Jumapili akafundisha dini katika jumuiya yetu ya Albert Park. Alifundisha kwa upole kwamba ufufuko ni kumbukumbu njema ya marehemu mioyoni mwetu, basi. Tulimpenda, tukaitikia amina.

Mwaka 2017 ghala moja la Clairwood liliwaka moto. Alain, dereva wa lori kutoka Uvira, aliteketea humo, usipatikane hata mfupa. Katika jumuiya yetu mkeka wa matanga haukutandikwa mpaka maiti ijulikane ilipo, kwa hiyo kila mtu alikaa kwake akingoja. Mjane wake, Ghislaine, alibaki peke yake ghorofani, akakataa kula, nasi tukaogopa kwamba angemfuata mumewe. Onesphore alipanda kumfariji kwa habari za kumbukumbu njema. Mama yule alimkatiza.

“Eish, Mwalimu! Ni weye ulitufundisha kama mwili hairudie tena. Sasa nikalie matanga ya nini?”

Onesphore aliteremka ngazi. Alifunga kibanda, akafungua historia ya Wakristo wa kwanza, watu walioshikilia kwamba nyama hii hii itafufuka. Akasoma jinsi mwaka 177, mjini Lyon, watesaji walivyochoma miili ya mashahidi na kumwaga majivu mtoni, ili wasiwe na tumaini la kufufuka. Hapo akaruka kitini! Swali la mchicha lilikuwa la kale kuliko Mwangaza. Wauaji wale walilitamka kwa moto, na waamini waliobaki wakazidi kuamini. Aliyewaumba pasipo kitu angeshindwaje na majivu? Aliipenda akili mpaka mwisho, lakini tangu siku ile hakuipa tena funguo za kaburi.

Alirudi mbio, mkeka kwapani, akipiga hodi kila mlango njiani. “Mama, tandika mukeka,” akamwambia Ghislaine. “Mungu anajua mwili ya Alain iko wapi, hata kama siye hatujui.” Wazee walinung'unika, kisha wakaingia mmoja mmoja, masufuria yakafuata, na nyimbo za Pasaka zikatikisa jengo. Ghislaine alilia, kisha akala. Tulishangilia kama watu wa arusi!

Onesphore alifariki mwaka 2023 kwa maradhi ya figo. Siku tulipomuaga, lifti ya jengo la Ghislaine, iliyokufa miaka mingi, ilianza kufanya kazi, ikawapandisha akina mama wazee hadi juu penye matanga. Hatudai muujiza, twasema tu kwamba fundi aliapa hakuigusa.

Lakini alikuwa ameacha wosia kwamba mwili wake uchomwe, ili maskini wasiopata kaburi wala nauli ya kurudishwa kwao wasiogope kuchomwa. Wazee walishtuka: “Tutamuchoma Mwalimu namna gani?” Ghislaine akasimama.

“Alain aliungua, na niko namungojea. Mwalimu pia tutamungojea.”

Hakuna aliyepinga. Nawe, mpendwa, ukisikia kuna msiba usio na maiti, usisubiri ipatikane. Beba mkeka, nenda.