Kilomita Tatu za Carama

Sheria ile niliitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kila mtu wa kujitolea katika kikosi chetu cha uokoaji akimbie kilomita tatu kwa dakika kumi na nane. Asiyeweza haendi kwenye mafuriko ya Gatumba mvua zikianza, basi. Niliitunga kwa sababu kwenye mafuriko yaliyopita mwenzetu mmoja, hodari wa maneno, aliishiwa pumzi katikati ya maji akiwa ameshika machela yenye mgonjwa. Tuliwatoa wote wawili kwa shida, na nikaapa: tena, apana.

Mimi mwenyewe nimeyaingia maji yale miaka mingi. Kama kuna kitu najivunia duniani, ni hicho.

Tulikutana Carama Jumamosi asubuhi, watu kumi na wanne, pale barabara inapoanza kupita mashambani. Nikawaeleza mara tatu kwamba leo si siporo yetu ya kila wiki, ya kukimbia kwa kundi na nyimbo. Leo ni mtihani, kila mtu na miguu yake. Wakaitikia ndiyo, ndiyo. Nami nikakimbia nao, saa mkononi, nisije nikasikia kwamba mzee anawatungia wenzake sheria huku yeye amekaa.

Jamani! Hata kona ya kwanza hatujafika, wimbo umeanza. Wamejipanga mistari miwili, makofi, kiitikio. Nikafoka. Wimbo ukakatika, mistari ikabaki palepale. Nikawaamuru wenye nguvu wapite mbele. Wakacheka, wakaendelea kunifuata. Hawa watu wataniua! Nikajikaza, jasho linanichoma macho, nawalaani wavivu hawa kimoyomoyo mpaka mwisho. Tukafika wote pamoja. Dakika ishirini na tatu.

Hapo nikawamwagia yote. Nikawauliza kama maji ya Gatumba yatawangoja wapange mistari. Nikasema wote wameanguka, na nikataka kujua ni nani aliyekuwa anawachelewesha. Wakainamia viatu vyao. Mwishowe mama mmoja muuza samaki, ambaye hata kuhema hahemi, akasema polepole:

"Papa, utusamehe. Kwa siporo hakuna mutu anapita mukubwa. Tulikuwa tunakufuata weye."

Niliona aibu, halafu nikakasirika zaidi, maana kweli desturi hiyo naijua na nimeifurahia miaka yote. Walipopumzika nikawaambia warudie bila mimi. Nikakaa kwenye jiwe na saa yangu.

Walifaulu wote kumi na watatu, na yule mama alitangulia wengi wao. Nikaandika majina yao. Akaja kuchungulia karatasi, akaninong'oneza niongeze na langu, hakuna atakayejua.

"Yule atalala kwenye machela atajua," nikamwambia, na nikaikunja karatasi.