Kutoka Xi'an hadi Changsha

Nilipaswa kusema waningoje. Mwalimu wa chuo alichosoma binamu yangu huko Changsha alinipigia simu kunijulisha kwamba binamu amefariki usiku kwa homa ya uti wa mgongo, kisha akauliza: "Tukungoje, au tufuate utaratibu wa hapa?" Nikamjibu wasingoje, wafuate utaratibu wao.

Ilikuwa miaka ya themanini. Tulitoka Isiolo pamoja kwa ufadhili wa masomo, tukatenganishwa Beijing: mimi nikapelekwa Xi'an, yeye Changsha. Siku ya kuagana alisimama mbele ya ramani ya China akanicheka.

"Ndugu yangu, wewe wamekutupa mbali kama Mandera! Ukitaka kula Idd kwangu, anza safari Ramadhani."

"Basi usichinje mapema," nikamwambia, "nisije nikakuta mifupa."

Ulikuwa mzaha, lakini mimi umbali niliujua hivyo. Kwetu, barabara ya kaskazini ilihesabiwa kwa kulala njiani: lori likikwama kwenye matope, mnalala, mto ukijaa, mnalala tena. Nikiwa bado nimeshika simu, nilitazama milima na mito kwenye ramani ya ukutani, nikafikiria treni na kubadilisha treni, nikaona sitafika kwa wakati. Maiti ya Mwislamu haicheleweshwi. Nilidhani naharakisha maziko. Utaratibu wa huko ni upi, sikuuliza.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala, imamu wa Xi'an, mzee aliyezoea kunitania kwa Kichina changu kibovu, aliyaona macho yangu. Nikamweleza. Hakutania.

"Uliwaambia ni Mwislamu?"

"Sikuwaambia."

"Kijana, huko maiti huchomwa. Mbona hukuja kwangu jana? Ndege inafika Changsha kwa muda wa saa mbili tu. Ningefuatana nawe, tukamwosha kwa mikono yetu."

Tulikimbilia simu ya ofisi. Walikuwa wamekwisha kumchoma asubuhi ile.

Nilisafiri kwa ndege hiyohiyo. Chai niliyopewa haijapoa vizuri, tukaanza kushuka. Chuoni walinikabidhi kasha la mbao kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, na mwalimu yule aliinama. Sikuwa na neno la kumlaumu. Aliniuliza, nami nikajibu.

Mama yake alikuwa mama yangu mdogo, na ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Nilipofika nyumbani Isiolo, mtaa wa Chechelesi, alitoka mlangoni akilia, akanikumbatia, kisha akaliona kasha.

"Nani alimwosha?"

"Hakuna, mama."

"Nani alimswalia?"

Nikamwambia yote, hata ile ndege. Aliniachia taratibu.

"Nilikupa mwanangu mwende pamoja," akasema. "Wewe ukampa moto."

Wazee walifukia yale majivu makaburini. Miaka iliyofuata nilipita kwake kila Ijumaa. Nikisema salaam aleikum, aliitikia, kwa sababu salamu ya Mwislamu ni lazima ijibiwe, halafu akaingia ndani na kufunga mlango. Kabla hajafa aliwaagiza majirani nisimshike wala nisiingie kaburini mwake. Nilisimama nyuma ya watu nikiwatazama wengine wakimteremsha.

Kwa jibu lile nilimnyima ndugu yangu kaburi alilostahili, na nikampoteza mama pekee niliyekuwa nimebaki naye.