Kata ya Atija

Nikisikia kifuu kikigonga ukingo wa ndoo, namkumbuka Atija, binti wa mama yangu mkubwa. Kila asubuhi, akirudi kisimani, alipitia makaburini na kata yake ya kifuu, akayamwagia maji moja baada ya jingine, huku akiwasalimu waliolala humo kwa majina. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemtuma.

Watu walimcheka, kisha wakamzoea. Mimi niliona wivu. Darasani sikuwa na mpinzani, Kireno changu kiliwashinda wasichana wenzangu wote, na bado wageni wakija walimtazama yeye. Basi nami nikachukua kata. Siku mbili niliwasalimu marehemu kwa sauti kubwa, nikajifanya nasikia majibu. Bibi akaniuliza, taratibu, "Mjukuu wangu, mbona unawasalimu wafu huku unatazama njiani?" Siku ya tatu hapakuwa na mtu njiani. Nikamwaga maji yote mahali pamoja, nikaenda kucheza.

Gesi ilipogunduliwa, tukaambiwa tutahamia Quitunda, kijiji kipya tulichojengewa. Wapimaji wakaja kufunga utepe mwekundu kwenye kila kaburi, ili nalo lihamishwe. Lisilo na utepe lingebaki chini ya mashine. Walihitaji mkalimani, nikajitokeza kabla sijaitwa. Niliwatangulia kama mwenye kijiji, nikaonyesha kila kaburi lenye jiwe. Mpimaji akauliza kama yamekwisha.

"Acabou," nikamjibu. "Yamekwisha yote."

Atija alikuwa nyuma yetu na ndoo yake. Alikwenda pembeni, penye majani matupu, akamwaga kata moja.

"Asalaam aleikum, Shamimu."

Akasogea hatua tatu, akamwaga nyingine, akataja jina jingine. Kijijini kwetu watoto wachanga hawakuwekewa jiwe. Walizikwa pembeni, na mama zao ndio waliokumbuka mahali. Shamimu alikuwa mdogo wangu, aliishi siku tisa. Mama, aliyekuwa amesimama na wanawake wenzake, alikaa chini palepale. Wapimaji wakaanza kuchomeka vijiti vyenye utepe kila palipolowa.

Leo nina diploma ya upimaji wa ardhi. Niliisomea mjini Nampula kwa kuuza bajia, na kijijini kwetu hakuna aliyenitangulia kuipata. Sioni haya kulisema. Nikifika eneo lolote huuliza kwanza akina mama walikozika wachanga wao. Ofisini wananiona mtu wa pekee kwa swali hilo, nami sijawahi kuwaambia nilikolipata.

Zamani niliamini kwamba Atija alikuwa na kasoro fulani, na mimi nilikuwa na akili. Lakini naikumbuka vizuri siku ile. Niligeuka nione kama watu wanamtazama, na wote walikuwa wanamtazama. Yeye alikuwa ameinamia ndoo, anachungulia kama maji yatawatosha waliobaki.