Kichaka Kisichotaka Majivu

Wiki iliyopita nilishuka basi mtaa wa Edmonton, huku ughaibuni, kituo kimoja kabla ya kule nilikokuwa nikienda, nikapita mbele ya nyumba yetu ya zamani. Ua umemwagwa saruji, gari limeegeshwa juu yake. Nilisimama pale kidogo, rafiki yangu, mvua ikinyesha, nikamwona akilini bibi yangu amechutama, khanga juu ya koti zito, akikisemesha kichaka.

Kilikuwa kichaka cha bluberi za mwituni, vitunda vichachu vya nchi za baridi, kifupi, hakifiki hata kwenye goti langu la utotoni. Mama alikuwa akimhudumia bikizee mmoja, na bikizee huyo alipofariki wanawe walimwambia mama achukue kumbukumbu yoyote. Akachukua hicho, na chungu chake. Bibi alikuwa ametoka Lushoto kuja kunilea, ili mama aweze kufanya zamu za usiku. Hapa hakuwa na shamba. Akapata kichaka.

Akakilea alivyozoea kulea mimea: majivu ya jiko la makaa, maganda ya mayai, samadi ya dukani, maji ya bomba asubuhi na jioni. Majani yakageuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Siku hizo hizo nilimsikia jikoni akimwambia mama kwamba baridi imemwingia mifupani, anataka kurudi kwao. Nilisikia kijiko cha mama kikizunguka ndani ya kikombe. Nikaamua moyoni mwangu: kichaka kikipona, bibi atabaki.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, na yeye na bibi walitaniana kupitia juu ya ukuta wa ua tangu siku ya kwanza. Alikitazama kichaka, akatikisa kichwa.

"Dada, hiki unakishibisha mpaka kife."

"Nyie watu wa Tanga mjini mnajua nazi," bibi akasema. "Kilimo tuachieni sisi wa milimani."

"Haya. Lakini kaangalie birika lako, ule ukoko mweupe ndani. Hiyo ndiyo chokaa ya maji ya bomba unayokinywesha."

Akatueleza kwamba kichaka hiki kwao ni chini ya misonobari, kwenye udongo wa kichanga, mchachu, maskini, ambako mimea mingine hukataa kuota. Majivu na chokaa huuondoa ule uchachu. Mizizi yake ni myembamba kama nywele, haitaki jembe. Maji yake ni ya mvua.  Kwa kina bibi, kuunyima mmea majivu ni kama kumnyima mtoto uji.

Lakini alikubali. Tulikihamishia kwenye udongo mchachu, tukakifunika kwa majani makavu ya msonobari niliyookota bustanini. Kukinga maji ya mvua kwa ndoo za plastiki ikawa kazi yangu. Mpaka leo, matone yakipiga plastiki, mwili wangu hutaka kukimbilia nje.

Kiangazi cha pili kilitoa maua madogo kama kengele, kisha matunda meusi yenye vumbi la bluu, madogo kuliko yale ya dukani na makali zaidi. Bibi alitafuna moja, akafumba macho kwa uchachu. Nilingoja aseme neno.

"Kimepona," akasema. "Sasa naweza kwenda. Mgonjwa haachwi."

Kumbe ndicho alichokuwa akikingoja. Kila ndoo niliyobeba ilikuwa imemsogeza karibu na uwanja wa ndege.

Aliondoka kabla majani ya kichaka hayajawa mekundu kwa baridi, na sikumwona tena. Jirani alihamia kwa mwanawe, mtaa wa Rayners Lane. Sisi tulipata nyumba ya ghorofani Tottenham, isiyo na ua, na sijui nani alikirithi kichaka.

Lakini kilichopotea kwanza kilipotea jioni ile ile tuliyotoka kumsindikiza. Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo miaka yote ile ilinilazimu kutafuta maneno ya Kiswahili, hata ya kulilia. Mama aliniuliza, kwa Kiswahili, kama nina njaa. Nilimjibu kwa Kiingereza. Alinitazama, akaenda kupasha wali, wala hakunisahihisha.