Siku Niliyoosha Vyombo vya Makumbusho

Akina mama, chekeni tu, maana hata mimi nimewahi kucheka peke yangu shambani mpaka jembe likaniponyoka, lakini nawaambia mapema kwamba aibu ya siku ile haijanitoka mwilini hadi leo, na kuna kipande chake ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata Baba Rebeka.

Mnamjua Elisha, mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Wakati ule wa Emergency, ile hali ya hatari ambapo mtu hakusafiri bila karatasi ya serikali, mimi na mume wangu tulikuwa tukikaa Kamenu, yeye akifanya kazi katika shamba la mkonge, na Elisha alikuwa amepata kazi huko Pwani, katika mji mdogo ambako mzungu mmoja alikuwa akichimba magofu na kuweka alivyopata katika nyumba ndogo ya makumbusho. Elisha ndiye aliyeshika ufunguo. Alikuwa bado wa kujaribiwa. Akaniandikia barua kwamba Jumamosi fulani wakubwa wangekuja kutazama, na wakipendezwa ataandikwa kazi moja kwa moja, basi dada njoo unione kabla sijawa mtu mkubwa (Elisha na maneno yake!). Nikaomba hiyo karatasi, pasi, ambayo sisi watu wa Nyanza hatukusumbuliwa sana kuipata, nikafunga unga wa wimbi na kuku wawili, nikashika gari la moshi.

Nilifika Jumamosi yenyewe asubuhi, nimechoka, nimevimba miguu. Elisha akanikumbatia, akanionyesha kabati la kioo lenye shanga na sarafu za zamani, nikasema kweli haya ni makumbusho, kisha akatazama saa akaruka.

"Dada, nakimbia kuwapokea wageni kule stendi. Wewe pumzika tu. Nikirudi tunywe chai."

Angeniambia neno moja zaidi! Lakini angejuaje?

Nikakaa. Nikatazama huku na huku, na nyuma ya chumba nikaona meza ndefu, na juu ya meza, Mayi wee, vyombo vichafu! Vigae vya sahani vyenye udongo uliokauka, vingine vimechorwa-chorwa kwa wino mweusi, bakuli lililopasuka likaungwa kwa gundi, na sinia zima la mifupa ya mbuzi iliyotafunwa zamani. Nikajua mara moja kwamba haya ni mambo ya mwanamume asiye na mke. Anakula, anaacha. Na wakubwa wako njiani! Nyinyi mnajua tulivyolelewa: binti akifika kwa ndugu yake akakuta vyombo vichafu, hakai, maana mgeni wa pili akivikuta, anayesemwa ni mama aliyemzaa. Nilimwona mama yetu kaburini akifunika uso.

Basi nikawasha stovu yake ya mafuta ya kuchemshia chai, nikachemsha maji, nikaomba majivu na kumbi la nazi kwa jirani, nikasugua. Wino ule ulinipa kazi, lakini ulitoka wote. Mifupa nikammwagia mbwa wa jirani (alishukuru, maskini). Bakuli nilipolitia kwenye maji ya moto likaniachania mikononi, vipande kumi na kitu, nikashtuka kidogo nikasema gundi ya siku hizi ni ya bure, nikavipanga na vingine, vikubwa chini, vidogo juu. Vilimetameta. Nilijipongeza.

Nikasikia viatu. Akaingia mzungu, nyuma yake bwana mkubwa wa serikali na mkewe mwenye kofia, wazee watatu wa mji katika kanzu nyeupe, na Elisha wa mwisho, akitabasamu. Tabasamu lile nililiona likifa. Mzungu alifika mezani akasimama. Akachukua kigae kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena, akatafuta kitu ambacho hakikuwapo. Uso wake ulipauka. Mzee mmoja akanong'ona, "Namba zimekwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ule wino! Ulikuwa ukisema kila kipande kilichimbwa wapi, shimo gani, kina gani, na bila wino ule kazi yake ya miaka ilikuwa rundo la vigae tu. Nje, mbwa alikuwa akivunja mfupa, tukausikia sote.

"Nani nafanya hii?" mzungu akauliza, sauti ndogo.

Elisha akanitazama mara moja tu.

"Ni mimi, Bwana. Niliosha asubuhi."

Beseni lilikuwa bado linafuka mvuke. Mzungu akalitazama beseni, akanitazama mimi, akangoja. Watu wote wakangoja. Nami nilikuwa nimeficha mikono yenye majivu ndani ya leso, moyo ukiniambia sema, sema, na mdomo ukafunguka, nikasema:

"Karibuni chai."

Kicheko cha yule mama mwenye kofia nitakisikia mpaka nife.

Elisha aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Tulirudi pamoja, akaingia kwenye mashine ya mkonge, na safari nzima hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo liliniumiza kuliko matusi.

Tangu hapo nikienda kwa watu nakaa mikono mapajani kama bibi arusi, hata sufuria ziwe zimeota ukungu sigusi bila kuambiwa, na mnaosema Mama Rebeka ni mvivu endeleeni kusema. Lakini kuna jambo moja. Jumapili ile ya kwanza kanisani, watu walipomuuliza Elisha mbona amerudi, alisema joto la Pwani lilimshinda, wakanigeukia mimi, nami nikaitikia, "Kweli, ni joto."

Halikuwa joto. Nilikuwa mimi.